Nani Avuviaye Moto?

Moto ni mtumishi mkubwa wa mwanadamu, lakini ni mtumishi asiyeweza kazi bila ya pumzi. Mtazameni mama apikaye kwa makaa. Makaa yamepangwa, kiberiti kimewashwa, chungu kiko juu, na bado maji hayachemki. Ndipo mama achukuapo kipepeo chake cha ukili akaanza kupepea, na mara makaa yaliyokuwa meusi hugeuka mekundu, kisha yakawa ya manjano. Hakuongeza kaa hata moja. Alichoongeza ni hewa. Katika jambo hili dogo la jikoni imo historia ndefu ya viwanda, reli, meli na motokaa. Nia ya insha hii ni kuisimulia historia hiyo kwa ufupi, ili wanafunzi wapate kulijua swali moja ambalo kila mwenye moto yampasa kuliuliza: nani avuviaye?

Mimi ni mwalimu, nami nakaa Bamburi, kaskazini ya kisiwa cha Mombasa, kando ya barabara iendayo Malindi. Hapa kwetu habari za moto si ngeni. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kazi mwaka 1954, na mawe ya matumbawe yaliyochimbwa katika ardhi hii yalichomwa katika tanuri refu la chuma lizungukalo polepole. Ndani ya tanuri la namna hiyo joto la mawe hufika kadiri ya digrii 1,450. Joto kama hilo haliji kwa kuni na subira. Huletwa na moto uliovuviwa kwa mashine kubwa za upepo, usiku na mchana. Na katika barabara iyo hiyo ziko gereji nyingi ndogo, chini ya miarobaini na mapaa ya mabati, ambamo vijana wetu hufungua na kufunga injini za motokaa. Katika gereji moja kati ya hizo ndipo lilipotokea jambo lililonifanya niandike.

Miongoni mwa niliowafundisha alikuwako kijana mmoja mtulivu, mwepesi wa kuelewa, ambaye baada ya shule alinunua motokaa ndogo kuukuu ya injini ya lita moja na nusu. Fedha hazikuwa zake peke yake. Nusu zilikuwa mkopo ambao mama yake aliuchukua katika chama cha akina mama wa mtaa. Kijana alipakia nazi, madafu na maembe akayapeleka Nairobi, na kwa kazi hiyo alikuwa akilipa deni na kuwasomesha wadogo zake. Lakini alikuwa na dukuduku moja. Motokaa yake, iliyokuwa na nguvu njema mpaka Mariakani na Voi, ilianza kuchoka ikipita Mtito Andei, na ilipofika milima ya upande wa Sultan Hamud ilitambaa kama kobe, malori yakiipigia honi kwa nyuma.

Asubuhi moja alinijia nyumbani.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu.”

Akafungua mfuko akatoa feni ndogo ya plastiki, upana wake kama kitanga cha mkono, yenye nyaya mbili, mmoja mwekundu na mmoja mweusi. Juu ya boksi palikuwa na picha ya motokaa ya mashindano, na maneno yaliyosema kwamba hiyo ni supachaja ya umeme, yaani mashine ya kuisukumia injini hewa. Kwamba itazidisha nguvu na kupunguza petroli.

“Mwalimu, ulitufundisha kuwa moto wataka hewa,” akasema. “Hiki chaongeza hewa. Nikitie?”

Nilikuwa na rundo la madaftari ya kusahihisha. Nilikitazama kile chombo kwa muda usiofika dakika mbili, nikamjibu: “Hewa zaidi, moto zaidi. Kitie.”

Akakitia. Feni ikafungwa katika bomba la hewa, baada ya chujio, na nyaya zikaungwa kwenye betri. Mjini ilivuma vizuri, na yeye akadhani motokaa imekuwa nyepesi, maana mtu akishatoa fedha yake hupenda kusikia alichokinunua. Safari ya pili ya Nairobi, akiwa kilimani na mguu wake ukiwa umekanyaga mpaka mwisho, panga moja la plastiki lilikatika, likanyonywa na injini. Motokaa ilirudi Bamburi juu ya lori. Vali mbili zilikuwa zimepinda na silinda moja imechubuka. Miezi minne kijana hakuwa na kazi, na mama yake aliendelea kulipa deni kwa kuuza maandazi.

Hakunilaumu hata kwa neno moja, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Nililomwambia lilikuwa kweli, lakini lilikuwa nusu ya kweli. Nusu iliyobaki imo katika historia, na ningekuwa nimemfundisha kwa ukamilifu angeitambua feni ile kabla ya kuilipia. Haya ndiyo niliyopaswa kumweleza.

Kwanza tuelewe haja ya injini. Ndani ya injini ya petroli hewa na mafuta huchanganyika, yakawaka, na mshindo wa kuwaka huko huisukuma pistoni. Kilo moja ya petroli, ili iungue sawasawa, hutaka karibu kilo 15 za hewa. Usidhani kwamba hewa haina uzito: hapa pwani mita moja ya ujazo ya hewa ina uzito wa kilo moja na kidogo. Kwa hiyo kilo moja ya petroli humeza hewa ya kujaza chumba chenye upana wa mita 2, urefu wa mita 3 na kimo cha mita 2. Kumimina mafuta mengi ni rahisi. Kupata hewa ya kuyaunguza ndiyo kazi. Na kadiri upandavyo mlima hewa huwa hafifu. Nairobi, iliyo juu ya bahari kwa kadiri ya mita 1,660, hewa ni pungufu kwa sehemu moja katika sita hivi kuliko ya Mombasa. Pistoni huvuta pumzi ile ile, lakini pumzi yenyewe ni nyembamba. Basi motokaa ya kijana wetu haikuwa na ugonjwa wowote. Ilikuwa ikihema kama mtu wa pwani apandaye mlima.

Haja hiyo ya hewa waliijua wazee wetu kabla ya injini kuwazwa. Mwaka 1154 al-Idrisi, mwanachuoni aliyeandika jiografia yake kwa ajili ya Mfalme Roger wa Sicily, alitaja kwamba watu wa Malindi na Mombasa walichimba chuma na kukifanyia biashara. Yeye mwenyewe hakufika huku; aliandika kwa habari za wasafiri. Lakini ardhi imetoa ushahidi wake: huko Galu, karibu na Diani, kusini ya Likoni, waakiolojia wamechimbua mabaki ya kazi ya kuyeyusha chuma. Jiwe la chuma halitoi chuma kwa moto wa kuokea muhogo. Hutaka moto mkali uliofungwa ndani ya tanuri la udongo na kuvuviwa kwa mivukuto, yaani viriba vya ngozi vyenye mirija ya udongo vilivyokandamizwa kwa mikono, kimoja kikishuka na kingine kikipanda, bila kukoma kwa saa nyingi.

Nani aliyevuvia hapo? Ni mwanafunzi wa mhunzi. Nguvu iliyoingia katika moto ilitoka mikononi mwake, na nguvu ya mikono yake ilitoka katika ugali aliokula. Akichoka, moto nao huchoka. Mhunzi mwema alijua hesabu hiyo, na ndiyo sababu hakuanza kuyeyusha chuma kabla ya kuwa na vijana wa kutosha kupokezana.

Ufundi huo wa kale haukuwa wa kudharauliwa. Katika miaka ya 1970 wazee wa Buhaya, magharibi ya Ziwa Viktoria, nchini Tanzania, waliokumbuka kazi za ujana wao, walijenga tena tanuri la kuyeyushia chuma mbele ya wataalamu wawili wa Marekani, Peter Schmidt na Donald Avery. Wataalamu hao walitangaza mwaka 1978 kwamba mirija ya udongo iliyoingizwa ndani ya tanuri iliipasha hewa moto kabla haijayafikia makaa, na kwa hivyo joto likazidi sana. Wataalamu wengine walibishana nao juu ya jambo hilo. Lakini hakuna aliyebisha kwamba wazee wale waliijua kazi ya hewa, na kwamba waliilipia kwa jasho.

Sasa tuvuke karne kadhaa tufike zama za mvuke. Reli ya Uganda ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Magari-moshi yaliyotoka Kilindini kupitia Changamwe yalipanda kutoka usawa wa bahari mpaka nchi za baridi, na moto wa matumbo yake ulitaka hewa nyingi mno. Je, palikuwa na vijana wenye viriba ndani yake? Hapakuwa. Mafundi wa Uingereza walikuwa wamegundua hila nzuri, ile iliyotumika katika gari-moshi la Stephenson liitwalo Rocket mwaka 1829. Mvuke uliokwisha kuisukuma pistoni haukuachwa upotee ovyo; ulielekezwa juu ndani ya dohani, na ulipotoka kwa kasi ulivuta moshi pamoja nao. Moshi ulipotoka, hewa mpya iliingia chini ya moto. Ile sauti ya kuhema ambayo wazee wetu waliiigiza kwa midomo walipowasimulia wajukuu habari za gari-moshi ilikuwa ndiyo sauti ya moto ukipewa pumzi. Hata yale makubwa kabisa, magari 34 ya aina ya Garratt daraja la 59 yaliyoundwa Manchester katika miaka ya 1955 na 1956 kwa ajili ya reli ya Afrika Mashariki, yalihema kwa hila iyo hiyo. Hapa mvuviaji ni taka: mvuke uliokwisha kazi hutumwa kazi ya pili. Shikeni jambo hili, maana tutalikuta tena.

Viwandani vilevile haja ya upepo ilizidi. Mwaka 1860, katika mji mdogo wa Connersville, jimbo la Indiana, Marekani, ndugu wawili, Philander na Francis Roots, walipata hataza ya mashine yenye magurudumu mawili yaliyokumbatiana na kuzunguka ndani ya sanduku la chuma, yakichota hewa upande mmoja na kuisukuma upande wa pili. Mashine hiyo ilipeleka upepo katika tanuri za chuma na katika machimbo. Baadaye waunda motokaa waliitazama wakasema: kama yaweza kuvuvia tanuri, kwa nini isivuvie injini? Mwaka 1921, katika maonyesho ya motokaa mjini Berlin, kampuni iliyounda Mercedes ilionyesha motokaa zenye mashine ya namna hiyo. Dereva alipokanyaga mpaka mwisho mashine ilishikana na injini, hewa ikasukumwa kwa nguvu, na motokaa ikatoa mlio mkali uliosikika mbali.

Nani aliyevuvia? Ni injini yenyewe. Meno ya chuma yaliunganisha mashine ya hewa na injini, na sehemu ya nguvu ya injini ikatolewa kuizungusha. Ni kama mkulima atoaye mbegu ghalani ili avune zaidi. Faida ilikuwako, lakini gharama nayo ilikuwako, nayo ililipwa kwa petroli.

Ndipo akatokea mtu aliyeikumbuka hila ya gari-moshi. Mhandisi Mswisi, Alfred Büchi, aliona kwamba moshi utokao katika injini una joto na mwendo mkali, na vyote viwili hutupwa hewani bure. Mwaka 1905 aliandikisha hataza ya injini ambayo moshi wake ungezungusha gurudumu la mapanga, na gurudumu hilo lingezungusha lingine la kusukuma hewa. Hii ndiyo mashine ambayo mafundi wetu wa gereji huiita tabo. Fikira ilikuwa njema, lakini vyuma vya zama hizo havikustahimili joto, na Büchi alingoja miaka mingi. Katikati ya miaka ya 1920 mashine zake zilitiwa katika meli mbili za Ujerumani, Preussen na Hansestadt Danzig, na nguvu za injini zao zikaongezeka kutoka farasi 1,750 mpaka 2,500.

Jaribio lililo karibu zaidi na taabu ya kijana wetu lilifanywa Marekani mwaka 1918. Ndege za vita zilikuwa zikipungukiwa na nguvu zilipopaa juu, kwa sababu ile ile ya wembamba wa hewa. Mhandisi Sanford Moss aliipandisha injini ya ndege, iliyofungwa juu ya lori, mpaka kilele cha mlima Pikes Peak, kadiri ya mita 4,300 juu ya bahari. Chini, injini ile ilikuwa na nguvu za farasi 350. Kileleni ilishuka mpaka 230. Ilipotiwa tabo, papo hapo kileleni, ikatoa 356. Tarakimu hizo tatu zatosha kuwa somo zima. Mlima haukuondolewa, wala petroli haikubadilishwa. Hewa ndiyo iliyorudishwa, nayo ililipiwa na moshi wa injini yenyewe.

Kutoka ndege na meli, tabo ilishuka barabarani. Mwaka 1962 Wamarekani walianza kuuza motokaa za kawaida zenye tabo, Oldsmobile Jetfire na Chevrolet Corvair. Huku kwetu watu wengi waliifahamu kwa mashindano ya Safari, yaliyoanzishwa mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Kwa miaka mingi Safari ilishindwa na motokaa zilizovuta hewa kwa pumzi zao tu. Joginder Singh wa Kenya alishinda mwaka 1965, akashinda tena mwaka 1974 na 1976. Shekhar Mehta naye alishinda mara tano: mwaka 1973, na tena kila mwaka tangu 1979 mpaka 1982. Hao hawakuwa na tabo. Walikuwa na subira, macho mema na ujuzi wa njia. Mwaka 1984 Björn Waldegård wa Sweden, akiendesha Toyota Celica, alikuwa wa kwanza kuishinda Safari kwa motokaa yenye tabo, na Toyota hizo zikashinda tena mwaka 1985 na 1986.

Lakini tabo ina aibu yake ndogo. Kwa kuwa huzungushwa na moshi, na moshi ni kidogo injini ikiwa polepole, dereva akanyagapo kwa ghafula hupita kitambo kabla ya nguvu kufika. Hapo ndipo umeme ulipoitwa. Mwaka 2016 kampuni ya Audi ilianza kuuza motokaa iitwayo SQ7, ambayo juu ya tabo zake mbili ilikuwa na mashine ya hewa izungushwayo kwa mota ya umeme. Basi supachaja ya umeme si uongo, ipo kweli. Lakini zitazameni tarakimu zake. Mota yake ilitumia mpaka kilowati 7, ikafikia mizunguko 70,000 kwa dakika katika muda usiozidi robo ya sekunde. Ili kuilisha, ilibidi motokaa iwekewe umeme wa volti 48 na betri yake ya pekee, kwa kuwa volti 12 za kawaida hazikutosha. Na pamoja na hayo yote, haikuvuvia safari nzima; iliamshwa kwa kitambo tu, mpaka tabo zipate moshi wa kutosha.

Sasa tuirudie feni ya kijana wetu kwa kalamu na karatasi, kama nilivyopaswa kufanya asubuhi ile. Injini ya lita moja na nusu huvuta ujazo wake mara moja kwa kila mizunguko miwili. Ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, yaweza kumeza lita 4,500 za hewa kwa dakika, yaani lita 75 kwa sekunde, ndoo karibu nne kwa kila pigo la moyo. Kuikandamiza hewa hiyo izidi kwa theluthi hivi, kiasi cha kulipa hasara ya mlima na ziada kidogo, hutaka kadiri ya kilowati 4, pamoja na upotevu wa mashine yenyewe. Gawanya wati 4,000 kwa volti 12, upate zaidi ya ampea 330. Alteneta ya motokaa ndogo aghalabu hutoa ampea 60 mpaka 100, na katika hizo taa zataka zao na injini yataka zake. Feni ile ilikula ampea 4. Mara volti 12, ni wati 48. Kazi ilitaka wafanyakazi themanini na zaidi, naye alikuwa ameajiri mmoja.

Tena si kwamba feni ilifaa kidogo tu. Injini ikimeza lita 75 kwa sekunde, feni isiyoweza kupeleka hewa kwa mwendo huo haisukumi tena. Injini ndiyo huivuta feni. Chombo kilichonunuliwa ili kuleta hewa kikawa kizuizi katika njia ya hewa. Na hata kama kingekuwa na nguvu za kweli, bado pangekuwa na mambo ya kutazamwa: mafuta zaidi ya kulingana na hewa, na kipozeo, mfano wa rejeta ndogo, cha kuipoza hewa iliyopata joto kwa kukandamizwa, ili mchanganyiko usiwake kabla ya wakati wake na kuzitoboa pistoni. Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa.

Basi, wanafunzi, safu yetu ya wavuviaji ni hii. Kiriba kilivuviwa na mikono. Moto wa gari-moshi ulivuviwa na mvuke uliokwisha kazi. Mercedes ya mwaka 1921 ilivuviwa na injini yake, tabo ya Büchi na moshi, na Audi na betri kubwa ya volti 48. Kila mmoja alikuwa na mlipaji anayejulikana. Katika feni ya plastiki mlipaji hakuonekana kabisa, na mlipaji asipoonekana, yamkini ni mnunuzi. Muuzaji alitegemea kwamba hatutauliza. Mimi, niliyesoma ili niulize, sikuuliza.

Historia hii haijafika mwisho wake. Mwaka 2022 mabasi ya umeme yalianza kubeba abiria mjini Nairobi, na mota ya umeme haili hewa wala haijali wembamba wake. Hupanda mlima kwa nguvu zile zile ilizokuwa nazo bondeni. Huenda wajukuu wetu wakasoma habari za tabo kama sisi tusomavyo habari za viriba. Lakini swali halitakwisha kazi. Wao nao watauziwa vyombo vya ajabu ndani ya maboksi yenye picha nzuri, na itawapasa kuuliza nguvu yatoka wapi na nani aitoaye.

Kijana wetu alitengeneza injini yake kwa taabu, kwa msaada wa mafundi waliomkopesha kazi. Tulikaa barazani kwangu jioni moja tukaifanya ile hesabu pamoja, mstari kwa mstari, na alipofika kwenye ampea 330 akaweka kalamu chini akacheka, kicheko cha mtu aliyelipa ada kubwa. Nilimwomba radhi. Akasema, “Yamekwisha, mwalimu.” Siku hizi hupakia mizigo pungufu, hutoka Bamburi alfajiri, na afikapo milimani hutia gea ndogo akapanda taratibu. Nami nimebadili kidogo mafundisho yangu. Sentensi ya kwamba moto wataka hewa bado naiandika ubaoni, kwa kuwa ni kweli. Ila sifuti ubao kabla ya darasa zima kunijibu, kwa tarakimu, ni nani atakayevuvia.